Toba ya Moffat Wamae

Kwa miaka mitatu Mwalimu Wachuka aliishi na wanaume wawili katika nyumba moja ya mtaa wa Skuta. Wa kwanza alikuwa Munene, mumewe wa ndoa, mwenye duka la dawa za mifugo mjini Nyeri. Wa pili alikuwa Moffat Wamae, mwandishi wa tamthilia, na huyo ndiye aliyepewa muda mwingi. Munene alikuwa amezoea. Akiingia jikoni na kumkuta mkewe ameegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, anasoma huku sukuma wiki inaungua, aliuliza tu, "Leo mume mwenzangu amesema nini?" kisha akageuza mboga mwenyewe.

Huyu Moffat Wamae aliandika tamthilia tatu katika miaka ya kwanza ya Uhuru. Ile ya kwanza, Kofia ya Nyapara, iliigizwa katika shule na kumbi za makanisa kuanzia Nyeri hadi Meru, na wazee wa leo bado wanamkumbuka kibarua wa shamba la kahawa aliyekataa kuvua kofia mbele ya nyapara. Kisha mwandishi akanyamaza. Miaka mingi baadaye akaonekana mjini Kagio katika mkutano wa injili, akalia mbele ya umati na kusema kwamba tamthilia zile zilikuwa kazi ya shetani na anajuta. Tasnifu ya uzamili ya Wachuka ilihusu jambo hilo hasa. Sura ya nne aliipa jina "Toba", na kusema kweli ilikuwa sura nzuri. Alipoisoma kwa sauti, hata Munene alizima redio.

Aliyeingojea tasnifu hiyo kuliko wote hakujua kusoma. Alikuwa mama yake Munene, mzee Wangui, ambaye Wachuka alimwita Maitu kama mtoto anavyomwita mama aliyemzaa. Wachuka alipoanza masomo, bibi huyu alifunga nyumba yake kijijini, akaja Skuta kulea wajukuu, akaweka sharti moja. "Mimi nataka kukuona na ile joho. Nikishakuona, narudi kwa ng'ombe zangu." Siku hizo alikuwa na nguvu. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, miguu ilivimba ikawa haina umbo, na daktari wa hospitali alikuwa amezungumza na Munene pembeni kwa sauti ya chini. Mahafali yalikuwa Desemba. Viatu vya kuendea mahafali, vyeusi, vyenye kisigino kifupi, Maitu alikuwa amenunua kabla miguu haijavimba, navyo vilikaa ndani ya karatasi chini ya kitanda chake.

Katika kitanda hicho alilala na mjukuu wake wa kwanza, binti wa miaka kumi na mitatu, ambaye naye bila shaka aliitwa Wangui. Binti wa kwanza angepewa jina gani jingine ila la mama wa baba yake? Ila kwa Maitu jina hilo halikuwa heshima tu aliyopewa. Mjukuu alikuwa ni yeye mwenyewe. "Juzi nimekuwa nambari tatu kwa hesabu," aliwaambia wanawake wa kanisa, nao walielewa ni nani aliyefanya mtihani. Wachuka akigomba, "Wangui, mbona umeacha sufuria hivi?" sauti ilitoka chumbani: "Ati nimefanya nini tena?" Kwa heshima Wachuka alijifunza kumgombeza binti yake bila kumtaja jina, na mwishowe akawa halitaji kabisa.

*

Ilikuwa likizo ya Agosti, wiki moja kabla ya utetezi wa tasnifu uliopangwa Alhamisi, Daktari Murungi alipopiga simu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wake chuoni.

"Mwalimu, kazi ni safi," alisema. "Lakini mtahini wa nje ameuliza kitu kimoja. Hii toba yote umeitoa mtandaoni. Anataka hata chanzo kimoja cha wakati ule. Gazeti, picha, chochote cha karatasi. Ni formality tu. Weka tanbihi moja, tumalize."

"Nitapata, Daktari."

Alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Maktaba ya mtandaoni ya chuo ikamkatalia: neno lake la siri limekwisha muda, afike ofisini na kitambulisho, na ofisi iko Nairobi. Jarida moja lilimwonyesha aya ya kwanza ya makala kuhusu Wamae, likadai malipo na kumfungia mlango puani. Basi Jumamosi akaenda maktaba ya mjini. Kijana wa mlangoni alimtazama, akamtazama tena.

"Mama, wazazi wanangojea watoto hapo nje."

"Nimekuja kusoma."

"Wewe?"

Ndani kulijaa watahiniwa wa Kidato cha Nne. Msichana mmoja alisogeza begi lake kwa adabu na kusema, "Shosho, kaa hapa." Wachuka, aliyeitwa bibi hivyo, alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikaa, akashukuru, na hasira akaimeza pamoja na mate.

Mkutubi alibofya kompyuta yake. "Kofia ya Nyapara iko. Kwa kompyuta iko." Akaenda kwenye rafu, akarudi. "Kwa rafu haiko." Baadaye ilipatikana imewekwa kati ya vitabu vya kilimo, na onyesho la mwisho limechanwa. Jalada la nyuma, kwa bahati, lilikuwa zima. Hapo palikuwa na picha ndogo ya mwandishi, kijana mwenye tai na mwanya mpana, anacheka kana kwamba mpiga picha amemtania. Wachuka hakuwahi kuiona picha hiyo mtandaoni. Kule kulikuwa na picha moja tu, ya mzee aliyeinua mikono juu mbele ya kipaza sauti.

Magazeti ya zamani yalifungwa kwa miaka na kuwekwa kwenye stoo isiyokuwa na kiti. Angeweza kwenda moja kwa moja kwenye mwaka wa mkutano wa Kagio. Lakini sura yake ilizungumzia ukimya, naye akataka kuona ukimya ulianza lini, kwa hiyo akaanzia nyuma na kuja mbele, amesimama, mgongo unamuuma, vumbi linampigisha chafya. Hakuona kitu hadi alipofika mwaka themanini na tisa. Hapo akakuta tangazo la kifo la safu moja. Moffat Wamae, mwalimu mstaafu na mwandishi, ameaga baada ya kuugua. Atazikwa nyumbani kwake Othaya. Picha ilikuwa ya mtu mzima mwenye mwanya mpana, anacheka.

Mkutano wa injili wa Kagio ulifanyika mwaka tisini na nne. Wachuka alihesabu kwa vidole, mtu mzima, mwalimu. Mwandishi wake alikuwa amelia mbele ya umati miaka mitano baada ya kuzikwa.

*

Jioni hiyo aliketi mezani na binti yake, wakafuatilia vyanzo kimoja kimoja kurudi nyuma. Kamusi elezo ya mtandaoni ilinukuu makala ya gazeti. Makala ilinukuu tovuti ya wapenzi wa maigizo. Tovuti ilinukuu ukurasa wa huduma moja ya injili ulioweka shuhuda za waliookoka. Tasnifu ya msomi mmoja ilinukuu kamusi, na kamusi nayo baadaye ikainukuu tasnifu.

"Mum, hii yote ni copy-paste," binti alisema. "Ni mtu mmoja tu aliongea."

"Ndiyo."

"Na huyo mzee wa picha ya mtandaoni bado ako hai?"

Vyanzo vilisema anaishi Kagio na hapokei wageni. Vyote vilisema hivyo, kwa maneno yaleyale. Wachuka akaona aibu ikimpanda shingoni. Kagio ni safari ya saa moja na kidogo kutoka Nyeri. Miaka mitatu amekaa na mtu huyu jikoni kwake, amejua mawazo yake na machozi yake, na hajawahi kwenda kubisha hodi. Hakuna aliyekuwa amebisha.

*

Munene alimpeleka Jumatatu kwa pikapu ya duka. Mjini Kagio, kwenye soko, hawakuhangaika. "Mzee Moffat wa kanisa? Si hapo nyuma ya watu wa nyanya," mwanamke mmoja aliwaambia. Munene alibaki sokoni kununua nyanya, kwa kuwa alisema yeye na mume mwenzake hawajazoeana.

Asiyepokea wageni alimpokea Wachuka kwa mikono miwili. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti lililofungwa vifungo vyote, na meno yake machache hayakuwa na mwanya. Mkewe, Mbeti, akaleta chai ya maziwa kabla mgeni hajasema shida yake.

"Guka," alimwita kwa heshima ya babu, "wewe ndiye Moffat Wamae?"

"Ni mimi."

"Aliyeandika Kofia ya Nyapara?"

Mzee alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Watu wanasema hivyo."

Wachuka alimpa simu yenye picha ya lile tangazo. Mzee akaishika mbali na macho, akatabasamu. "Huyu ni Moffat," alisema kwa upole. "Huyu tulitahiriwa siku moja. Baba yake na baba yangu ni ndugu. Guka yetu ndiye alikuwa Moffat Wamae, mtu wa kwanza kusoma huko kwetu. Basi kila kijana wake akizaa mvulana wa kwanza, ni Moffat Wamae. Tulikuwa watano. Shuleni mwalimu akiita, tunasimama wote."

"Basi si wewe uliyeandika."

"Kuandika, hapana. Mimi nilikuwa nauza nyanya."

"Na kutubu?"

"Kutubu ni mimi."

Aliyasema bila kupepesa macho. Wachuka alitua kikombe chake chini.

"Walimu walikuja hapa na basi nzima ya watoto wa shule," mzee aliendelea. "Wakaniita mwandishi. Nikawaambia si mimi, wakacheka. Ati mzee ni mnyenyekevu. Nikasema tena, wakapiga picha. Nikachoka nikaacha. Halafu nikaokoka. Pasta akasema nitoe ushuhuda kwa mkutano. Sasa nitasema nini? Mimi sijaua mtu. Dhambi zangu zilikuwa ndogo ndogo, kuweka nyanya kubwa juu na ndogo chini."

"Hiyo si ndogo," Mbeti alisema kutoka mlangoni.

"Ni ndogo kwa mkutano ya watu wengi hivyo. Na Moffat alikuwa amekufa bila kuokoka, na zile michezo zake zilikuwa zinacheka wahubiri. Nikafikiria, huyu ataenda wapi? Nikasimama, nikatubu."

"Lakini Guka, ulitubu mambo ambayo hukuyafanya."

Mzee aliacha kunywa. Kwa mara ya kwanza akaonekana amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Wewe si ni wa kwetu? Jina ni ya nani? Hii jina si yangu, na si ya yule. Ni ya guka. Moffat Wamae aliandika, na Moffat Wamae ametubu. Sasa ni nani amedanganya?"

Wachuka aliisikia sauti ya Maitu ikiwaambia wanawake wa kanisa: nimekuwa nambari tatu kwa hesabu. Hata siku moja hakuwahi kumwambia kwamba huo ni uongo.

"Na yeye mwenyewe," aliuliza mwishowe, "alijuta kabla hajafa?"

"Moffat?" Mzee akacheka hadi akakohoa. "Huyo? Nilimwona hospitalini wiki ya mwisho. Alikuwa anaandika ingine. Ananisomea, anacheka peke yake, nesi anamwambia anyamaze."

"Hiyo aliyokuwa akiiandika iko wapi?"

"Sitajua. Ako na binti aliolewa Naro Moru. Hakuna mtu amewahi kuniuliza yeye." Alipomsindikiza hadi langoni alimshika mkono, akauzuia. "Andika vile umeona, mwanangu. Lakini usiandike mimi ni mwongo."

*

Munene alisikiliza yote akiwa ameshika usukani wa pikapu iliyozimwa.

"Sasa shida iko wapi?" alisema. "Mzee yuko, toba iko. Mpige picha, uweke hiyo tanbihi, umalize. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wachuka." Hakumwangalia. "Mama hana mwaka wa kuishi. Daktari aliniambia. Sikutaka ujue kabla ya Alhamisi."

Walikaa hivyo, kreti la nyanya nyuma yao, watu wakipita na mikokoteni. Wachuka hakulia. Alilia nyumbani, jikoni, bomba likiwa wazi ili Maitu asisikie. Alimlilia Maitu, na akajililia mwenyewe pia, kwa kuwa alichoka, na kwa kuwa sura ya nne ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuandika.

Daktari Murungi hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza kwa simu hadi mwisho, akapumua. "Mwalimu, hiyo sura ndiyo tasnifu yenyewe. Ukiitoa unaanza upya. Ushauri wangu? Tetea kwanza. Ukishahitimu, andika makala, urekebishe. Watu hufanya hivyo."

Ulikuwa ushauri wa busara, na siku mbili nzima Wachuka alikuwa ameukubali. Aliandaa hata slaidi zake. Kilichomharibia ni ile picha ya mwanya. Kila alipofika kwenye slaidi ya toba, alimwona yule mtu kitandani hospitalini, anaandika, anacheka, nesi anamnyamazisha. Watu wamemliza mtu huyo miaka yote hii, na hakulia. Wale wengine walinakili bila kujua. Yeye alikuwa anajua, na hilo halikuwa na njia ya kulizunguka.

*

Alhamisi alisimama mbele ya wasomi wanne katika chumba chenye viti vingi vitupu. Akasema jina lake na mada yake. Kisha akasema, "Sura ya nne si ya kweli."

Daktari Murungi akainamisha kichwa.

"Unamaanisha vyanzo ulivyovitaja havipo?" mtahini wa nje aliuliza.

"Vipo, Profesa. Ila vyote ni kimoja, na kinamzungumzia mtu mwingine."

Walimtoa nje, wakamwacha kwenye benchi karibu na choo kwa muda mrefu, wakamwita tena. Walimsifu kwa uaminifu wake. Kisha wakampa mwaka mzima wa kuandika upya. Mmoja wao alimuuliza, si kwa ubaya, kwa nini hakwenda Kagio mapema. Wachuka alisema hajui, na hapo pia alikuwa anasema kweli.

*

Alifika Skuta jioni, taa zikiwashwa. Maitu alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli, kichwani kitambaa kipya alichokuwa akikiweka kwa siku kubwa. Munene alitazama uso wa mkewe mara moja tu, akaenda kusimama dirishani.

"Umeshinda?" Maitu aliuliza.

"Hapana, Maitu." Wachuka alipiga magoti karibu na stuli, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kujiweka. "Wamesema mwaka ujao. Nisamehe."

Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza bei za maziwa.

"Kwani hiyo maneno ya huyo mtu yako ilikuwa ya uongo?" Maitu aliuliza.

"Ilikuwa ya mwingine. Ndugu yake mwenye jina kama lake. Mmoja aliandika, mwingine akatubu."

"Na huyo wa kutubu anasema nini?"

"Anasema jina ni moja."

"Hiyo ni ukweli," Maitu alisema. "Jina ni moja." Wachuka akaona kwamba sasa amelaumiwa na wote, waliosoma na wasiosoma. Alikuwa amechoka hata kujitetea. Kisha bibi akainua sauti. "Wewe, kuja hapa! Leta ile karatasi iko chini ya kitanda."

Binti akaja na viatu mkononi. Vilikuwa bado vinanukia duka.

"Vaa."

"Shosho, si ni zako?"

"Nimekwambia vaa."

Akavaa. Visigino vilipwaya kidogo, si sana. Maitu alimwamuru atembee hadi mlangoni na kurudi, naye akatembea, kwanza akicheka kwa aibu, kisha taratibu, mgongo ukinyooka. Sauti ya visigino kwenye sakafu ya simiti ilijaza nyumba. Bibi alisikiliza amefumba macho, mkono mmoja juu ya goti lake lililovimba.

"Sawa," alisema. "Mwaka ujao Desemba nitaketi pale mbele. Nitakupigia makofi mpaka wanitoe nje."

Munene aligeukia dirisha kabisa. Wachuka alikuwa bado amepiga magoti. Asubuhi alikuwa amewatenganisha watu wawili wa jina moja mbele ya wasomi wanne, na alikuwa tayari kufanya hivyo tena kesho, akianzia Naro Moru. Lakini alitazama viatu vile, akatazama ile miguu iliyokuwa juu ya stuli, akasema jina ambalo hakuwa amelitaja kwa miaka ndani ya nyumba hiyo.

"Vinakutosha, Wangui."

Wakaitika wote wawili.